Barua Iliyofunguliwa

Sisi tunaowaandikia maneno haya tu watu wawili, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, makarani wa biro moja hapa Kalemie, kando ya ziwa Tanganika. Kazi yetu ni kupokea maombi ya dawa kutoka vituo vya afya vya pwani na vya milimani, kuyaandika, kuyapeleka ghalani, kisha kufuatilia mpaka tujue kwamba dawa zimefika. Si kazi ya sifa, wala hatukumbuki kama mtu amepata kutupongeza kwa ajili yake. Walakini tumeifanya miaka 12 sasa, na ndani yake limetupata jambo ambalo tumeona haifai kulinyamazia.

Ni jambo la barua. Siyo zile za bahasha, ambazo wazee wetu walizingoja siku ya meli. Ni barua pepe, zinazoingia katika simu na katika kompyuta, ordinateri kama wengi wetu huku tunavyosema. Mmarekani Ray Tomlinson ndiye aliyepeleka ya kwanza kupita katika mtandao, mwaka 1971, kutoka mashine moja mpaka nyingine, nazo zilikaa karibu karibu katika chumba kimoja. Yeye ndiye aliyechagua alama ya @, ile arobazi, ili itenge jina la mtu na jina la mashine yake. Chumba kimoja! Mtu angaliweza kugeuka tu na kusema. Leo barua ya namna hiyo yatoka kilima cha Moba, yafika kwetu kabla ya sufuria kuchemka. Nasi twaweza kuiacha ikae siku tisa.

Sisi wawili twatumia anwani moja na kisanduku kimoja cha barua. Anwani hiyo imebandikwa ukutani katika kila kituo tunachokihudumia. Kwa kawaida mmoja wetu hubaki Kalemie na mwingine husafiri: mara Moba kwa mashua, mara Lubumbashi kwa ndege, mara moja moja Kinshasa kwa mkutano. Na aliyebaki naye hakai bironi siku zote. Umeme ukikatika, huchukua simu yake akaenda kuisomea kazi nyumbani, kati ya watoto na jiko. Basi kisanduku chetu hufunguliwa bironi, nyumbani, melini, uwanja wa ndege, na hata, tusiwafiche, matangani, huku tukijifanya tunatazama saa.

Sasa sikieni yaliyotupata mwezi wa 11, mwaka 2021.

Kuna mama mkunga katika kituo kimoja cha milimani. Hatutamtaja jina, wala kituo chake. Kule kwake simu haishiki mtandao. Lazima apande kilima, mwendo wa nusu saa, na juu yake kuna mwembe mmoja ambapo barua zaweza kutoka. Siku ya Jumanne alipanda, akatuandikia kwamba dawa ya sindano ya oksitosini imebaki chupa tano tu. Wale wasioijua dawa hiyo na waijue: ndiyo apewayo mama mara tu baada ya kuzaa, ili tumbo la uzazi lijikaze na damu isitoke kupita kiasi. Kutoka damu namna hiyo kunaua wazazi wengi duniani kuliko ugonjwa mwingine wowote wa uzazi. Nayo ni dawa yenye adabu zake, yataka kutunzwa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8. Haiwezi kutiwa tu mfukoni mwa msafiri. Yapasa kutafuta sanduku la barafu, na mtu, na mashua inayoondoka kweli. Ndiyo maana mama yule aliandika mapema, zikiwa zimebaki tano. Alifanya yote yaliyompasa.

Siku hiyo mmoja wetu alikuwa katika mashua kwenda Moba. Mashua ilipopita karibu na pwani simu ikashika mtandao, barua zikaingia kwa mkupuo, kama kuku wanaofunguliwa asubuhi. Akaifungua barua ya mama mkunga kwa kidole chenye maji, akaisoma, akasema moyoni: "Hii tutaijibu tukifika." Mashua ikaiacha pwani, mtandao ukapotea. Alipofika kulikuwa na mizigo ya kuhesabu, mizozo na wapagazi, na mvua.

Na yule mwingine, aliyebaki Kalemie? Jioni hiyo alikuwa nyumbani na simu mkononi. Aliiona barua katika orodha. Lakini mnajua desturi ya visanduku hivi: barua isiyofunguliwa huandikwa kwa herufi nene, na iliyofunguliwa kwa herufi nyembamba. Ile ya mama mkunga ilikuwa nyembamba. Akafikiri: "Mwenzangu ameisoma, basi ameishughulikia." Akapita.

Zikapita siku tisa. Barua nyingine zikaingia juu yake, za mikutano, za matangazo, za watu waliojibu "asante" kwa watu 40 pamoja. Nayo ikashuka chini, chini, mpaka ikawa katika ukurasa ambao hakuna mtu anayeuangalia.

Siku ya kumi, asubuhi, mama mkunga alisimama mlangoni petu. Alikuwa amepanda pikipiki tangu alfajiri ya siku iliyotangulia, na vumbi lilikuwa limempaka mpaka kwenye nyusi. Tulimpa kiti, tukampa maji. Hakuyanywa kwanza. Akasema:

"Wandugu, niliwaandikia. Barua yangu ilipotea njiani?"

Tukafungua kompyuta mbele yake, tukatafuta. Haikuchukua hata nusu dakika. Ilikuwapo.

"Hapana, Mama. Haikupotea. Ilifunguliwa siku ile ile."

"Ni nani aliyeifungua?"

Tukajibu: "Sisi."

Akatutazama mmoja mmoja. "Sisi ni nani?"

Hakuna aliyemjibu. Ndipo akatueleza, bila kupaza sauti. Chupa tano zilikwisha. Usiku wa Jumamosi alizaa mwanamke mmoja, mtoto wake wa tatu, naye akaanza kutoka damu. Mama mkunga alifanya kwa mikono yake yote aliyofundishwa. Wanaume wakamchukua mwanamke yule juu ya kitanda cha miti, kilomita 18, gizani, mpaka hospitali. Aliokoka, na mtoto aliokoka. Lakini waganga walilazimika kuondoa tumbo lake la uzazi. Ana miaka 23.

Mtauliza ni yupi kati yetu aliyekuwa katika mashua na ni yupi aliyekuwa nyumbani. Tulizungumza sana juu ya hilo kabla ya kuandika, tukakata shauri tusiwaambie. Tulipojaribu kupima ni nani mwenye kosa kubwa, yule aliyefungua akaahirisha au yule aliyeona akadhani, mizani haikutulia. Na kwa kweli wote wawili tumewahi kukaa pande zote mbili mara nyingi. Siku zile nyingine hakuna aliyetoka damu, hivi tu.

Baada ya hayo tulitaka kwanza kujua mitambo yenyewe yafanya kazi namna gani, maana tulikuwa tumeitumia miaka mingi kama mtoto anavyotumia gari la baba yake. Kijana mmoja mwenye kutengeneza kompyuta alitueleza, nasi twawapa kwa kifupi.

Barua pepe haziji moja kwa moja kwenye simu. Hukaa katika mashine kubwa mahali fulani, iitwayo seva, na simu au kompyuta yako huenda kuziomba. Kuna njia mbili za kuziomba. Ya kwanza yaitwa POP, ilitungwa mwaka 1984: mashine yako huenda, huzichukua barua, na mara nyingi huzifuta kule zilikotoka, kama mtu aliyekwenda posta akarudi na mfuko wote. Ya pili yaitwa IMAP, aliitunga Mark Crispin katika chuo kikuu cha Stanford mwaka 1986: barua zabaki kwenye seva, na kila mashine huziangalia pale pale.

Sisi tulianza kwa njia ya kwanza bila kujua. Kompyuta ya biro ilizimeza barua zote. Msafiri akifungua simu yake Lubumbashi, aona kisanduku kitupu, afurahi kwamba hakuna kazi. Tulipogundua, tukahamia njia ya pili, tukadhani mashaka yamekwisha, kwa kuwa sasa wote wawili twaona kitu kimoja. Kumbe hapo ndipo mtego ulipokuwa. Katika njia hii alama ya kwamba barua imefunguliwa nayo yakaa kwenye seva, pamoja na barua yenyewe. Haisemi "fulani ameisoma". Yasema tu "imesomwa". Mmoja akiigusa katika mashua, inakuwa nyembamba kwa mwenzake nyumbani. Alama hiyo ni ya barua, si ya msomaji. Wala haijui kama aliyeifungua alifanya neno lolote.

Tukaudhika sana tulipoelewa, tukatafuta wa kumlaumu, tukamkosa. Mashine ilisema kweli. Imefunguliwa, ndiyo, ilifunguliwa.

Hapo tukaingia katika ujinga mwingine, nao twaona yafaa tuuseme, maana watu wengi wenye bidii huuingia. Tuliamua kupanga. Tulikuwa na barua zaidi ya 11,000 katika kisanduku, na kwa majuma matatu, usiku, tulitengeneza mafolda: folda la kila kituo, la kila dawa, la kila mwaka, la Kinshasa, la "mengineyo" na la "mengineyo ya zamani". Yalifika 43. Kisanduku kikabaki cheupe kama shuka la Pasaka, nasi tukajisifu. Baada ya mwezi mmoja tukakuta ombi la dawa za malaria limelala ndani ya folda zuri kabisa lenye jina la kituo chake, limepangwa vizuri, na halijajibiwa. Tulikuwa tumeizika barua katika kaburi lenye maua.

Wenye elimu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1996 Steve Whittaker na Candace Sidner waliandika kwamba watu hawatumii kisanduku kupokea barua tu: wanakitumia pia kama ghala la kumbukumbu na kama orodha ya kazi, na mambo hayo matatu yanagombana ndani yake. Mwaka 2011 Whittaker na wenzake waliwapima watu wanaopanga barua katika mafolda na wale wanaozitafuta tu kwa kuandika neno. Waliozipanga hawakuzipata upesi zaidi. Tulipolisikia hilo tulikumbuka majuma yetu matatu ya usiku, tukanyamaza.

Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa mzee mmoja aliyekuwa karani tangu mji huu ulipoitwa Albertville. Jioni moja tulimsimulia mambo yetu: seva, herufi nene, herufi nyembamba, mafolda 43. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja: "Na kitabu chenu cha barua kiko wapi?"

Hatukuwa nacho. Akaingia ndani, akatoa daftari la zamani lenye jalada la kitambaa, lililoliwa na mchwa pembeni. Kila ukurasa ulipigwa mistari kwa rula: namba, siku ya kuingia, imetoka kwa nani, jambo lake, imepewa nani, siku ya kujibiwa. Alituonyesha fungu la mwisho kwa ukucha. "Hapa pakiwa peupe," akasema, "sikwenda nyumbani kabla ya kujua kwa nini." Kwake barua haikuwa kitu cha kutunza. Ilikuwa ni mtu aliyesimama mlangoni. Folda halina mlango. Ukimwingiza mtu humo humwoni tena.

Basi tukayavunja mafolda yetu. Leo tunayo mawili tu, na jalada moja kubwa. Folda la kwanza laitwa "Twadaiwa": kila barua ambayo mtu anangoja neno letu. La pili laitwa "Twangoja": zile tulizokwisha kufanya sehemu yetu, na jibu latoka kwa mwingine, kama ghala au forodha. Barua nyingine zote, zikiisha kusomwa, huingia katika jalada bila kupangwa. Tukizitaka twaandika neno moja nazo zatokea. Matangazo tuliyotumwa bila kuomba tumejiondoa katika orodha zake moja moja. Kazi hiyo ilichukua Jumamosi mbili na imetufaa kuliko mafolda yote.

Na juu ya meza ya biro liko daftari la shilingi chache, kubwa, la karatasi. Si shilingi, samahani, ni franka. Tulinunua kwa mfanyabiashara aliyelitoa Kigoma na bei ilikuwa bado imebandikwa. Katika daftari hilo twaandika zile za "Twadaiwa" tu, na fungu la tano ndilo kubwa kuliko mengine: "Imepewa nani". Haturuhusiwi kuandika humo neno "sisi". Yule aliye safarini hupiga simu au hutuma ujumbe mfupi, na aliyebaki humwandikia.

Kwa habari ya safari tumejiwekea sheria moja ngumu, nayo ndiyo inayotushinda mara nyingi: asiyeweza kujibu asifungue. Katika mashua, mkononi una simu yenye mtandao wa dakika nne; unaona herufi nene, na roho yataka kujua. Jizuie. Iache ibaki nene, ili mwenzako nyumbani aione kuwa nene. Na ikiwa kidole kimeteleza, kuna njia ya kuirudisha barua kuwa kama haijafunguliwa. Kila programu ya barua inayo, ila watu wengi hawajapata kuitafuta. Twawaomba waitafute leo. Dakika mbili za kuitafuta zingalitosha, siku ile, kuibadili safari ya kilomita 18.

Kabla msafiri hajaondoka, twaketi pamoja robo saa. Zilizo chini ya jina lake katika daftari hupewa mwenzake, moja moja, kwa kinywa. Barua atakazohitaji njiani huzipakua kwenye simu akiwa bado mjini, kwa kuwa kule mbele hakuna uhakika. Kisha huangalia jambo ambalo lilitufungia nje mara moja: visanduku vya siku hizi, ukivifungua kwa mashine ngeni, hudai namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako. Mmoja wetu alikuwa Lubumbashi, ameacha kadi yake ya simu Kalemie katika simu nyingine; akakaa siku tatu mbele ya mlango wa kisanduku chake mwenyewe kama mgeni. Sasa tunazo namba za akiba zilizochapwa katika karatasi, zimekunjwa ndani ya pochi.

Tena kuna saa. Nchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Barua ikitoka kule ikasema "kabla ya saa 11 ya jioni", kwetu ni kabla ya saa 12. Hilo si baya, lakupa nafasi. Baya ni kinyume chake. Ukishuka ndege Kinshasa simu hujibadili saa yenyewe bila kukuambia, nawe ukimwandikia mtu wa Moba "tutazungumza saa 4", yeye atakuwa amengoja saa nzima na kuondoka. Twaandika siku zote "saa ya Kalemie". Yaonekana upuuzi mpaka siku inapofaa.

Na usisahau kwamba mtandao wenyewe waweza kufungwa. Baada ya uchaguzi, tarehe 31 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini mwetu, na ujumbe mfupi wa simu pia, karibu siku 20. Ilipofunguliwa mwezi wa kwanza 2019, kisanduku kilifurika, na zile za mwisho zikaja juu na za kwanza zikawa chini, hata tukawa twawajibu waliokwisha kukata tamaa na kuwaacha waliokuwa bado wanangoja. Ndiyo sababu nyuma ya daftari tumeandika kwa wino namba ya simu ya kila kituo, na jina la jirani mwenye simu, kama ya kituo imezimwa.

Nyumbani nako kuna vita vyake. Mmoja wetu ana mume, mwingine ana mke, na wote wawili wameambiwa maneno yale yale bila kuafikiana: kwamba tulikuwa mezani na hatukuwa mezani. Katika Ufaransa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2017 yasema makampuni yenye wafanyakazi 50 na zaidi yazungumze nao juu ya haki ya kufunga barua za kazi baada ya saa za kazi. Na yuko mwalimu maarufu wa kompyuta huko Stanford, Donald Knuth, aliyeacha kabisa kuwa na anwani ya barua pepe tangu tarehe 1 Januari 1990. Karani wake alimpokelea barua na kumwekea pamoja. Tulicheka tuliposoma hayo. Sisi ndio makarani. Tukiacha sisi, atapokea nani?

Walakini tuligundua kwamba kusoma kwetu kwa usiku hakukuwa bidii. Ghala limefungwa, dereva amelala, hakuna tunachoweza kufanya isipokuwa kugeuza herufi nene kuwa nyembamba. Ni ile ile mashua, ila imekaa sebuleni. Kwa hiyo tumeviomba vituo vyote kwamba barua ya haraka ianze kwa neno DAWA katika kichwa chake, kwa herufi kubwa. Simu zetu zimefundishwa kulia kwa neno hilo peke yake, hata usiku. Nyingine zote hunyamaza mpaka asubuhi. Mwanzoni watu walizidi. Kituo kimoja kiliandika DAWA ili kuuliza juu ya kalenda ya mwaka mpya. Tulimpigia simu mganga wake saa 8 ya usiku, kwa heshima yote, kumwuliza ni kalenda ya ukubwa gani anayoitaka. Hakurudia.

Hatusemi kwamba tumepona. Mwezi uliopita lilionekana fungu jeupe katika daftari, siku nne, la ombi la glovu, na kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri. Glovu zilipatikana. Tuliandika tarehe, na pembeni tukaandika siku nne, kama mzee alivyotufundisha, bila maneno ya kujitetea.

Yule mwanamke wa miaka 23 tulikwenda kumwona mwaka 2022, sisi wawili pamoja, jambo ambalo hatufanyi kamwe, kwa maana biro ilibaki bila mtu. Tulipeleka sabuni, chumvi na kitambaa. Tulimwambia yaliyotokea, kwamba barua ya kumwombea dawa ilifika kwetu nasi tukaiacha. Alikuwa anapepeta mahindi. Alisikiliza, akaendelea kupepeta, kisha akauliza kama sasa dawa zinafika. Tukasema ndiyo. Akasema basi, vizuri, na akamwita mtoto aje atusalimu. Mume wake hakutoka ndani mpaka tulipoondoka.

Mama mkunga bado yuko kituoni pake, bado hupanda kilima mpaka kwenye mwembe. Barua zake ni fupi kuliko zamani: neno DAWA, jina la dawa, idadi iliyobaki. Na chini kabisa, kila mara, bila kukosa hata mara moja tangu siku ile, huandika: "Nani ameisoma?" Yule aliyeisoma humjibu kwa jina lake.